Ziwa Lililovimbiwa

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kwa uvivu leo. Nani kawashibisha viazi? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa koo zimefunguka. Hapo zamani za kale, wakati bibi yake bibi yangu hajaota hata jino, palikuwa na kijiji kando ya ziwa. Jina la kijiji silijui. Aliyenihadithia naye hakulijua, kwa hiyo asiniulize mtu.

Ziwa lenyewe halikuwa kubwa. Ukisimama upande huu ukapiga ukelele, mtu wa ng'ambo anakusikia, ila hajui unasema nini. Maji yake yalikuwa maangavu. Ukitumbukiza mguu, unaziona kucha zako, na kama ni chafu unaona aibu. Kulikuwa na samaki mdogo mwekundu aliyekuja kuzidonoa. Pande zote yaliota mafunjo, yale majani marefu ya majini yenye vichwa vya timutimu kama mtu aliyeamka sasa hivi. Upepo ukipita: shwaa, shwaa. Semeni nanyi.

Shwaa, shwaa.

Katika kijiji hicho aliishi Bibi Milembe. Alikuwa mkunga. Umbo dogo, mikono mikubwa. Kila mtu kijijini, hata wazee wenye mvi, aliingia duniani kwa kupitia mikono ile, kwa hiyo Bibi hakumwogopa yeyote. Ukienda kwake unaumwa kichwa, atakuuliza: "Umekwenda choo?" Unaumwa goti: "Umekwenda choo?" Hata mtemi alipougua aliulizwa vivyo hivyo, mbele ya wake zake, na akajibu.

Sasa sikilizeni desturi yao. Mtoto akizaliwa hakupewa jina. Aliitwa Mgeni. Mgeni kalia, Mgeni kanyonya, Mgeni kalala. Kitovu kikishadondoka, Bibi Milembe alimbeba mpaka ziwani. Alichota maji kwa kiganja, akayaonja kwanza yeye mwenyewe. Kisha alimwogesha mtoto na kulitajia ziwa jina lake. Hapo ndipo mtoto alipokuwa mtu wa pale.

Walikuwa na desturi nyingine. Baada ya mavuno kila nyumba ilipeleka konzi moja ya unga ziwani. Waliurusha majini wakasema: "Kula, nasi tule." Konzi moja tu. Ilikuwa adabu, kama vile unavyomwambia jirani karibu, hata kama chungu kina kidogo.

Bibi Milembe alikuwa na mjukuu, jina lake Holo. Mama yake Holo alifariki mapema, Bibi akamlea. Holo akakua, akaolewa na Luhende. Luhende hakuwa mtu mbaya. Nasema mapema, maana nawajua ninyi, mnapenda kumtafuta mbaya. Alikuwa mchapakazi. Jua likichomoza linamkuta shambani, linazama na kumwacha huko huko.

Siku moja Luhende alikwenda kuvuta mtumbwi wake. Akang'oa funjo moja lililomzuia. Akatazama mizizi. Udongo mweusi, umenona, unang'aa. Akalinganisha na ule mwekundu wa kilimani, udongo bahili, unaokupa gunzi badala ya hindi. Moyo wake ukacheza. Akaleta panga. Chwa, chwa, chwa. Akafyeka mafunjo, akapanda mahindi ukingoni kabisa mwa maji.

Mahindi yale! Kila hindi kama mkono wa mtu mzima. Majirani wakaja kuangalia, wakasema wanapita tu. Walipita wakielekea kunoa mapanga. Chwa, chwa huku. Chwa, chwa kule. Mwisho wa yote hapakuwa na shwaa tena. Wakateremsha na mazizi, ili samadi iwe karibu na shamba. Mvua ikinyesha, udongo mweusi na samadi vinateremka taratibu majini. Nani angejali? Ghala zimejaa.

Ziwa likabadilika. Kwanza pembeni tu, ukijani kidogo. Kisha katikati. Kisha maji yakawa mazito kama mlenda, ukiyachota yanateleza vidoleni. Yakaanza kunuka.

Wazee wa baraza wakakaa, wakafikiri, wakapata jibu. Ziwa lina njaa, walisema. Sisi tumevuna mara mbili, na ziwa bado tunalipa konzi moja. Ni uchoyo huu. Basi kila nyumba ikapeleka kikapu kizima cha unga. Kula, nasi tule.

Likazidi kuwa kijani.

Wakapeleka maziwa. Kula, nasi tule.

Likazidi kuwa kijani.

Wakapeleka pombe, pamoja na machicha yake. Kula, nasi tule. Na nyie mnajua.

Likazidi kuwa kijani!

Wakati huo Holo akajifungua mtoto wa kike. Bibi Milembe alimpokea kitukuu chake kwa mikono yake mwenyewe. Alikuwa amemsubiri mtoto yule kuliko hata mama mtu. Alikuwa akisema, nikishamwogesha huyu nimemaliza kazi yangu. Kitovu kikadondoka. Wakamsindikiza ziwani kwa vigelegele, Luhende mbele, kifua kimetanuka.

Bibi akainama. Akachota. Akaonja.

Ptu!

Akatema. Akasimama pale amemkumbatia mtoto, maji ya kijani yanamchuruzika mkononi.

"Mrudisheni mtoto nyumbani," alisema. "Simwogeshi kwa maji haya."

Luhende alidhani hakusikia vizuri. "Bibi, mwanangu ataitwa nani?"

"Mgeni. Mpaka ziwa lipone."

"Na lisipopona?"

Bibi alimkabidhi Holo mtoto, akaenda zake nyumbani, akafunga mlango akalia. Angeweza kufumba macho na kumwogesha, watu wote wangefurahi. Lakini hakuwahi kumpa mtoto kitu ambacho yeye mwenyewe amekitema.

Tangu siku ile Bibi Milembe alikwenda ziwani kila asubuhi. Hakwenda kuteka maji. Alikwenda kama mtu anayekwenda kumjulia hali mgonjwa. Aliketi kwenye mchanga, akasikiliza. Mafunjo hayakuwepo ya kusema shwaa. Lakini kutoka chini, kwenye tope, mapovu yalipanda. Bwi. Kimya. Bwi, bwi. Semeni taratibu, mgonjwa amelala.

Bwi. Bwi, bwi.

Bibi akainama, akanusa. Akatega sikio. Bwi. Akaanza kucheka peke yake, na machozi yanamtoka. Sauti ile aliijua. Ni sauti ya mtoto mchanga aliyeachwa na shangazi mwenye huruma nyingi, akashindiliwa uji mpaka tumbo likawa ngoma. Akainuka, akaenda moja kwa moja barazani.

"Ziwa halina njaa," aliwaambia. "Limevimbiwa."

Wazee walicheka. Mmoja wao, mwenye ulimi mkali, akamuuliza kama ameshaliuliza ziwa swali lake la siku zote.

"Nimeliuliza," alisema Bibi. "Na ndilo jambo lililolishinda. Chakula kinaingia, hakuna pa kutokea. Yale mafunjo yalikuwa meno yake. Udongo ukiteremka, yalitafuna yenyewe kwanza, ziwa likapata la kumeza. Mmemng'oa mtoto meno, kisha mnamshindilia ugali."

Walimpa heshima yake, wakamsindikiza mpaka mlangoni, na hawakumsikiliza. Wakatangaza Siku ya Shibe Kubwa. Kila nyumba ilete mara kumi ya inavyoleta. Ngoma zilipigwa. Unga ukamwagwa mpaka maji yakawa na ukungu mweupe. Holo alitaka kumzuia mumewe, lakini Luhende alisema anamtafutia mwanawe jina, na hapo Holo akampisha.

Haukupita muda. Asubuhi moja watu waliamka wakakuta samaki wote wako juu ya maji, midomo nje, wanavuta hewa. Pwa, pwa, pwa. Wakubwa kwa wadogo. Wengine walicheka wakaleta vikapu, wakadhani ziwa limeitika. Jua lilipopanda, samaki wakageuka matumbo juu. Ziwa zima likawa jeupe. Harufu yake sitawaelezea, maana wengine hapa hamjamaliza kula.

Hakuna aliyemcheka Bibi tena. Lakini kutocheka si kusikiliza. Luhende alisimama barazani akasema ziwa limekufa, tuhame, yeye atatangulia kutafuta ziwa lingine. Wote wakakubali. Bibi Milembe akasema yeye habanduki, mkunga haondoki mgonjwa angali anapumua. Hapo Holo akaona jambo linalokuja. Mtoto wake atapewa jina kwenye maji ya kigeni, na mikono ya mtu mwingine, na Bibi atabaki peke yake na ziwa linalonuka. Akawa hali wala halali.

Luhende alipokuja kuaga, Bibi alimwombea njia njema. Kisha akaonyesha jembe alilolibeba begani.

"Na hilo unakwenda nalo?"

"Mkulima aache jembe, Bibi?"

"Hapana. Nimeuliza tu."

Luhende akatembea. Tembea, tembea, akafika kwenye ziwa la kwanza. Aliona mitumbwi imelala juu ya mchanga mkavu, na mbuzi kivulini mwake. Watu wa pale walikuwa wamegeuza mto wao uende mashambani, ziwa likabaki linaungoja. Luhende akawauliza kama kuna nafasi ya kukaa. Wakamjibu: "Nafasi ipo tele. Ziwa ndilo hakuna."

Tembea, tembea, akafika kwenye ziwa la pili. Akaona bustani ya maua ya zambarau, mpaka upeo wa macho. Akafurahi. Akakanyaga, akazama mpaka kiunoni. Mtu mmoja alikuwa ameleta ua moja kutoka safari, kwa ajili ya uzuri, akaliweka majini. Sasa mitumbwi haipiti wala jua haliingii. Luhende akauliza kuhusu nafasi. Wakamjibu: "Nafasi ipo tele. Ziwa ndilo hatulioni."

Tembea, tembea, akafika kwenye ziwa la tatu. Maji mazuri, mapana. Akashukuru. Watu wakamwambia waliwahi kuwa na samaki wa kila rangi, kila mtoto na samaki wake anayempenda. Kisha wakaleta samaki mmoja mkubwa kutoka mbali, ili washibe haraka. Samaki yule alikula wenzake wote. Sasa anakula watoto wake mwenyewe. Luhende hakuuliza kama kuna nafasi.

Akageuka. Alirudi kijijini amekonda, miguu imepasuka. Hakwenda barazani wala kwake. Alikwenda ukingoni mwa ziwa, alikojua atamkuta Bibi Milembe, akaketi kando yake. Akamsimulia yote. Alipomaliza aliweka jembe chini akalia mbele ya bibi mkwe wake, na kwao mwanaume hakufanya hivyo.

"Kila ziwa lina ugonjwa wake," alisema. "Lakini nyayo nilizozikuta ukingoni zilikuwa za watu peke yao. Tungehama, ugonjwa wetu ungetufuata popote. Bibi, tufanye nini?"

Bibi akamfuta uso kwa pindo la nguo yake. "Mtoto akivimbiwa, baba, humkimbii. Humpi dawa kali. Unaacha kumlisha, unampapasa tumbo, unangoja."

Luhende akaanza na shamba lake. Alivuna kilichokuwepo, akaurudisha ukingo kwa ziwa. Alikwenda kwenye kinamasi cha mbali, akaja na mizizi ya mafunjo kichwani, akaipanda kwenye tope mmoja mmoja. Akapandisha zizi kilimani, akarudi kulima udongo ule bahili. Mwaka ule ghala yake ilikuwa nusu. Holo alipika uji mwepesi, na mtoto akalia. Si jambo dogo hilo. Majirani waliona, wengine wakafuata siku hiyo hiyo, wengine walinung'unika mpaka mwaka uliofuata. Konzi ya unga ikakatazwa. Badala yake Bibi aliwafundisha wimbo, wa kubembelezea. Itikieni.

Lala, ziwa, lala.
*Aliyeshiba hulala.*
Tumekuchosha, lala.
*Aliyeshiba hulala.*

Mwaka ukapita. Bibi akaenda ukingoni, watu wote nyuma yake. Akachota, akaonja.

Ptu! "Bado."

Mwaka mwingine. Mafunjo yamefika kiunoni mwa mtu. Akachota, akaonja.

Ptu! "Bado."

Wakanung'unika. Wameacha kulisha, wamerudi kilimani, wamepunguza tonge, sasa ziwa linataka nini? Bibi akawaambia kilicholiwa bado kiko tumboni, chini kwenye tope, na kila upepo ukivuma kinapanda juu tena. Kuvimbiwa ni kwa karamu moja, alisema, lakini kupona ni polepole. Nanyi mnaonisikiliza, msiniambie mimi subira yavuta heri. Wao waliambiana hivyo kila kukicha mpaka wakachoka kuambiana.

Na watoto je? Waliendelea kuzaliwa, na Bibi hakumwogesha hata mmoja. Kijiji kikajaa kina Mgeni. Mama akitoka mlangoni akaita "Mgeni, njoo ule!" wanakuja wote. Mgeni wa Holo akaota meno, akayang'oa, akaanza kuota mengine. Alikuwa mtoto mtaratibu. Kila asubuhi alimshika Bibi mkono wakaenda kumtazama mgonjwa, maana macho ya Bibi yalikuwa yameingia ukungu. Ikafika siku Bibi hakuweza kutembea kabisa. Siku hiyo Holo alijua kwamba wanashindana, ziwa na Bibi, nani atatangulia.

Mwaka ule, mvua za kwanza zilipokatika, Luhende alimbeba Bibi Milembe mgongoni mpaka ukingoni. Mafunjo yalikuwa yamewapita watu urefu. Upepo ukapita. Mnakumbuka?

Shwaa, shwaa.

Akamshusha majini. Bibi akainama, Luhende amemshikilia mabega. Akachota kwa kile kiganja kikubwa, nusu ya maji ikamwagika. Akaonja.

Watu wakangoja ptu. Watoto walishatengeneza midomo tayari kumwigiza. Ptu haikuja. Bibi alikaa na yale maji mdomoni, muda mrefu, amefumba macho. Kisha koo lake likacheza.

Akameza.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Walisahau. Holo aliketi chini pale alipokuwa amesimama.

"Si lile la zamani," Bibi alisema. "Yule samaki mdogo mwekundu hatarudi, nimemsikiliza sana. Aliyeugua hafanani na asiyeugua. Lakini limepona. Leteni mtoto wangu."

Hakukuwa na wa kuletwa. Mgeni alikuja kwa miguu yake, maji yakamfika kifuani. Bibi akanyoosha mikono ambebe kama desturi inavyotaka, mikono ikashindwa. Basi mtoto akamkumbatia yeye, akamshika kiuno asianguke, Luhende akaachia. Bibi Milembe akachota maji, akammwagia kichwani, akamwosha uso taratibu, masikio, shingo, kama mtoto mchanga wa juzi. Kisha akageuka kulielekea ziwa.

"Ziwa, huyu ni Milembe."

Watu wakatazamana. Kijijini kwao jina la mtu aliye hai halikupewa mtoto. Lilingoja mwenyewe aondoke. Holo aliingia majini na nguo zake zote.

"Bibi," alisema, "jina hilo bado lina mwenyewe."

"Najua. Sasa lina wawili. Karibuni litabaki na mmoja, na asilie mtu."

Wakalia wote. Yeye akawaambia walie huku wanapanga foleni, maana watoto ni wengi na jua halimsubiri mtu. Akawaogesha kina Mgeni wote, mmoja baada ya mwingine, Milembe mdogo amemshika kiuno, mpaka kijijini hakukubaki asiye na jina.

Bibi Milembe aliondoka kabla ya mvua nyingine, usingizini, mkono wake ndani ya mkono wa kitukuu chake. Wakamzika kilimani, kwenye udongo ule mwekundu. Na mwaka ulipogeuka, watoto wapya wakapelekwa ukingoni. Aliyetangulia majini alikuwa Milembe. Akainama, akachota, akaonja, na kijiji kizima kikamngoja.

Mnataka funzo? Haya. Ukimpenda mtu usimshindilie. Muulize kwanza hali yake, umsikilize, na ukimdhuru usihame. Kaa naye mpaka apone, hata kama atapona polepole kuliko unavyotaka.

Hadithi yangu imeishia hapo, miguu ikiwa majini. Atakayeichukua aiendeleze vizuri, na mimi niacheni nikalale.